Sainasi sugu na uzito wa akili: je, ugonjwa wa pua unaweza kuathiri fikra na kazi ya mtu?

Mwalimu wa Hisabati (Dodoma) anauliza:

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na ninaomba maelezo kutoka kwa wataalamu na kwa wale waliopitia hali kama yangu. Tangu upepo wa kiangazi cha mwaka jana ulipoanza kupeperusha vumbi, pua yangu haijafunguka sawasawa. Upande mmoja ukifunguka, wa pili unaziba. Kamasi nzito hunishukia kooni, hasa ninapolala. Na chini ya macho hadi katikati ya nyusi nahisi mgandamizo unaoongezeka ninapoinama kusahihisha madaftari.

Hayo ningeweza kuyavumilia. Linalonitia hofu ni akili yangu. Mlinganyo wa kipeo cha pili, ambao nimeufundisha kwa miaka mingi bila kutazama kitabu, siku hizi nauanza vizuri ubaoni kisha katikati hatua inayofuata inanipotea, nabaki nimesimama na chaki mkononi huku wanafunzi wakinitazama. Nasoma aya moja ya mtaala na nikifika mwisho sijui nimesoma nini. Nalala, lakini naamka nimechoka. Mkuu wa idara ameniuliza kwa upole kama nina matatizo nyumbani, na mwenzangu mmoja alisema mbele ya wengine kwamba mafua hayamzuii mtu kufikiri.

Nimepewa antibiotiki zaidi ya mara moja katika vituo tofauti. Kila mara napata nafuu fupi, kisha hali inarudi. Usiku hunywa Piriton ili nilale, na mkobani sikosi matone ya kufungulia pua, ambayo sasa nisipoyatumia siwezi kupumua kabisa. Naomba kujua kama kweli ugonjwa wa sainasi unaweza kuigusa akili ya mtu kiasi hiki au nitafute sababu nyingine, na kama mtu mwenye hali hii hurudi kuwa kama alivyokuwa.

Daktari wa Masikio, Pua na Koo (Dar es Salaam) anajibu:

Mwalimu, pole kwa kuugua, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa mbele za watu. Kushindwa kumakinika ni sehemu inayotambulika ya ugonjwa huu, tena imo ndani ya dodoso kuu tunalotumia kuwahoji wagonjwa. Dodoso hilo, liitwalo SNOT-22, lina maswali 22, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 5, hivyo jumla ya juu kabisa ni 110. Maswali yanayohusu pua yenyewe ni sehemu tu. Mengine yanauliza kama mgonjwa anapata shida kulala, kama anaamka amechoka, kama utendaji wake wa kazi umepungua, kama umakini wake umepungua, kama amekuwa na huzuni, hasira za karibu au kuona haya. Mambo uliyoyaandika kwa maneno yako mwenyewe yamo karibu yote.

Kabla ya kwenda mbali, tuhakikishe kwamba tunazungumzia ugonjwa mmoja. Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso na fuvu, jozi nne: katika paji la uso, kati ya macho, ndani ya mashavu, na nyuma kabisa ya pua. Vimefunikwa kwa utando laini unaotoa ute, na juu ya utando huo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute utoke kupitia matundu membamba yanayofungukia puani. Utando ukivimba, matundu huziba, ute hutuama, na uvimbe hujiendeleza wenyewe hata pale ambapo vijidudu vilivyouanzisha vimekwisha kuondoka. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2020, ujulikanao kwa kifupi kama EPOS, unataka, ili ugonjwa uitwe sainasi sugu, dalili ziwe zimedumu wiki 12 au zaidi na ziwe angalau mbili, ambapo moja lazima iwe pua kuziba au kutoa kamasi, iwe kwa mbele au kwa kushukia kooni. Nyingine zinaweza kuwa maumivu au mgandamizo wa uso, au kupungua kwa uwezo wa kunusa. Juu ya dalili, unatakiwa ushahidi unaoonekana kwa macho, ama kwa kamera nyembamba inayoingizwa puani, ama kwa picha ya CT. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wanaitwa wagonjwa wa sainasi bila mtu yeyote kuwahi kuangalia ndani ya pua zao.

Sasa nije kwenye akili. Njia iliyo wazi kuliko zote ni usingizi. Mtu mwenye pua iliyoziba hulala kinywa wazi, hukoroma, hushtuka mara nyingi bila kujua, na ubongo wake haupati mapumziko yake hata kama saa za kulala zimetimia. Utafiti baada ya utafiti umeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa sainasi sugu wana usingizi mbovu, na kadiri dalili zinavyozidi ndivyo usingizi unavyozidi kuharibika. Njia nyingine ni kemikali za uvimbe. Utando uliovimba hutoa vichocheo vya kinga kama vile interlukini ya 6 na kile kiitwacho TNF-alfa, na vichocheo vya aina hii vikizidi mwilini huuambia ubongo kwamba mwili uko vitani: hamu ya kula inapungua, mtu anataka kujitenga, mawazo yanakwenda polepole. Kila aliyewahi kuugua homa kali anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba mgonjwa wa sainasi sugu huishi nayo kwa kiwango cha chini kwa miezi au miaka, hadi yeye mwenyewe na jirani zake wanadhani ndiyo tabia yake. Halafu kuna maumivu, ambayo hata yakiwa madogo hudai sehemu ya umakini ambayo ingekwenda kwenye mlinganyo wako ubaoni.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2015 Zachary Soler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tiba cha South Carolina, Marekani, waliwalinganisha wagonjwa wa sainasi sugu na watu wasio na ugonjwa huo, wakakuta kwamba wagonjwa waliripoti zaidi kusahau na kupotewa na mawazo katika shughuli za kila siku, na kasi yao ya kuitikia ishara ilikuwa ndogo. Mwaka 2021 Aria Jafari na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichunguza picha za ubongo za vijana na kukuta kwamba wenye uvimbe katika sainasi walikuwa na mawasiliano hafifu zaidi katika mtandao wa ubongo unaohusika na kuelekeza umakini na kutatua matatizo.

Kuhusu uzito wa ugonjwa wenyewe, nataka wenzako wa ofisini walijue jambo moja. Mwaka 1995 Richard Gliklich na Ralph Metson, waliokuwa Boston, walitumia dodoso la afya ya jumla kuwalinganisha wagonjwa wa sainasi sugu na wagonjwa wa magonjwa mengine. Katika maumivu ya mwili na katika uwezo wa kushirikiana na watu, wagonjwa wa sainasi walikuwa na hali mbaya kuliko wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi na kuliko wenye ugonjwa sugu wa mapafu. Haina maana kwamba sainasi huua kama moyo unavyoua. Maana yake ni kwamba ugonjwa usioua unaweza kumpokonya mtu siku zake za kazi na hamu yake ya kukaa na watu, na hilo nalo ni ugonjwa.

Mpishi wa Kibokoni (Mombasa) anajibu:

Salaam kwako Mwalimu, na shukrani kwa Daktari. Mimi ni mpishi wa shughuli, hasa harusi, na ugonjwa wangu ulikuwa ule wa vinyama vya puani ambavyo madaktari huviita polipu. Nina pumu pia. Kwangu mimi maumivu yalikuwa madogo. Kilichoniumiza ni kupotea kwa harufu.

Watu wasiopitia hali hii hudhani kutonusa ni jambo dogo, kwa kuwa macho yanaona na masikio yanasikia. Mpishi asiyenusa hajui kama bizari imekaangika au imeungua, hajui kama maziwa ya nazi yamechacha, na hajui kama nyama aliyoletewa alfajiri ni ya jana. Nilianza kumwita binti yangu anionjee kila sufuria. Siku moja alirudi nyumbani akakuta gesi inavuja jikoni nami nimekaa mlangoni pa jiko lile lile nikichambua mchele, sina habari. Tangu hapo sikuruhusiwa kubaki peke yangu jikoni, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ilikuwa fedheha kubwa. Chakula kikawa hakina ladha isipokuwa chumvi, sukari, uchungu na ukali wa limau. Nikaacha kula na wenzangu, kisha nikaacha kwenda shughulini hata kama mgeni. Mwanangu aliniambia nimebadilika tabia, na hakukosea.

Kichwa nacho kilikuwa kizito kama cha Mwalimu. Hesabu ya wageni mia tatu, kilo ngapi za mchele na vibaba vingapi vya dengu, niliyokuwa naifanya kwa moyo, nikawa naandika na bado naikosea. Nililala nimekaa, kwa kuwa nikilala chali nakosa pumzi.

Hatimaye nilifanyiwa upasuaji wa kamera kupitia puani, bila kupasuliwa uso kama nilivyoogopa. Napenda Mwalimu ajue mpangilio wa nafuu yangu, kwa sababu haukuja wote pamoja. Kwanza ulirudi usingizi, na baada ya usingizi akili ikatulia, nikaanza kuzishika hesabu zangu tena kabla pua yenyewe haijapona vizuri. Harufu ilichelewa, nayo ilirudi kwa sehemu tu: karafuu na iliki nazisikia vizuri, lakini waridi bado. Daktari wangu alinieleza mapema kwamba vinyama hupenda kuota tena, kwa hiyo hadi leo naosha pua kwa maji ya chumvi na napuliza dawa ya steroidi, yaani ya kupunguza uvimbe, kila siku. Kwa ndugu zangu Waislamu wanaojiuliza kuhusu Ramadhani, dawa hii hutumiwa mara moja au mbili kwa siku, hivyo mimi huipuliza baada ya futari na kabla ya daku kwisha, wala sijawahi kulazimika kuiacha.

Mwanafunzi wa Saikolojia (Eldoret) anajibu:

Naunga mkono maelezo ya Daktari, ila naomba kuongeza tahadhari kuhusu ule utafiti wa Seattle, kwa kuwa umesambazwa mno mitandaoni ukielezwa kana kwamba umethibitisha kuwa sainasi huharibu ubongo. Watafiti walichukua picha zilizokuwa zimekwisha kukusanywa na mradi mkubwa wa kuchora ramani ya ubongo, wakachagua watu 22 wenye uvimbe wa sainasi na wengine 22 wasio nao, wote wakiwa vijana wa kati ya miaka 22 na 35. Picha zilionyesha tofauti ya mawasiliano kati ya sehemu za ubongo. Lakini katika majaribio ya kufikiri na kukumbuka waliyofanyiwa, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Vilevile picha za wakati mmoja haziwezi kutuambia kipi kilitangulia kipi.

Nasema haya kwa faida ya Mwalimu mwenyewe. Hakuna anayemwambia kwamba ubongo wake umeoza au kwamba anaelekea kupoteza akili. Ushahidi uliopo unaonyesha ubongo unaofanya kazi chini ya mzigo, na mgonjwa huenda akaugundua mzigo huo mapema kuliko majaribio yetu, kwa sababu jaribio la dakika chache katika chumba tulivu halifanani na kusimama mbele ya darasa lililojaa tangu asubuhi hadi alasiri.

Jambo la pili ni huzuni. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia kumbukumbu za bima ya afya ya taifa, ulionyesha kwamba watu wenye sainasi sugu walipata sonona na wasiwasi uliokithiri takribani mara moja na nusu zaidi ya wenzao wasio na ugonjwa huo. Sonona nayo hupunguza umakini na kumbukumbu. Kwa hiyo Mwalimu akimwona daktari, tafadhali asizungumzie pua peke yake. Aeleze pia kama amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, kwa sababu hali hiyo ina tiba yake na haipaswi kusubiri pua ipone.

Mfamasia (Mwanza) anajibu:

Mwalimu, nimesoma orodha ya dawa zako kwa makini kuliko sehemu nyingine zote, na naamini sehemu ya uzito wa akili yako imo ndani ya mkoba wako.

Tuanze na Piriton, yaani klofeniramini. Ni dawa ya mzio ya kizazi cha kwanza, inaingia kwenye ubongo kwa urahisi, na usingizi inaoleta si usingizi mzuri. Mabaki yake hubaki mwilini hadi asubuhi, na hupunguza wepesi wa kufikiri hata kwa mtu ambaye hajisikii kusinzia. Tena hukausha ute na kuufanya mzito, jambo usilolihitaji. Kama una mzio kweli, yaani chafya za mfululizo, muwasho wa pua na macho, na maji mepesi puani, kuna loratadini na setirizini ambazo hazilevyi kwa kiasi hicho, ingawa setirizini nayo huwasinzisha baadhi ya watu. Kama huna mzio, dawa za kundi hili hazina kazi kubwa kwako.

Kisha yale matone. Dawa kama zailometazolini na oksimetazolini huibana mishipa ya damu ya pua, na pua hufunguka ndani ya dakika chache. Ndiyo maana watu huzipenda. Zikitumiwa mfululizo zaidi ya siku tano hadi saba, mishipa huzizoea, na kila dawa inapokwisha nguvu, pua huziba zaidi ya ilivyokuwa mwanzo. Mtu anaongeza matone, pua inaongeza kuziba. Hali hiyo ni ugonjwa kamili unaojitegemea, na maelezo yako kwamba huwezi kupumua bila matone yananifanya niamini umefika hapo. Kuacha kwa ghafla ni kugumu. Wengi hufaulu kwa kuanza dawa ya steroidi ya kupuliza kwanza, kisha kuacha matone katika tundu moja, na la pili baadaye. Fanya hivyo kwa ushauri wa daktari au mfamasia unayemwona ana kwa ana.

Dawa ya steroidi ya kupuliza ina sifa mbili zinazowafanya watu waitupe mapema: haifungui pua papo hapo, na huhitaji wiki kadhaa za matumizi ya kila siku ndipo ionyeshe kazi yake. Inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, na uelekeze dawa upande wa nje, usiielekeze kwenye ukuta wa katikati, kwani ukuta huo ukipigwa na dawa kila siku huanza kutoa damu. Usivute hewa kwa nguvu, maana dawa itaishia kooni.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi kufanyike kabla ya kupuliza dawa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji kinatosha, na chumvi isiyo na madini joto, ikipatikana, haiwashi sana. Hapa naomba kila mtu anisikilize: maji yawe yamechemshwa kwa dakika moja nzima au zaidi, na dakika tatu kwa wanaoishi nyanda za juu zinazozidi takribani mita 2,000, kisha yaachwe yapoe. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yenye amiba aitwaye Naegleria fowleri, anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Mjini Karachi, Pakistani, vifo vya amiba huyo vimehusishwa pia na maji yanayopandishwa puani wakati wa kutawadha. Ni ugonjwa wa nadra sana, na maji hayo yakinywewa hayaleti ugonjwa huu; hatari iko puani tu. Lakini kuchemsha maji ni gharama ndogo mno.

Kwa Bi. Mpishi na wengine wenye pumu na polipu kwa pamoja: baadhi yenu hupatwa na shambulio kali la pumu mkimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Mwambieni kila anayewauzia dawa za maumivu.

Mwalimu wa Hisabati anauliza tena:

Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Nina swali kuhusu maumivu, ambalo sikulieleza vizuri mwanzoni. Mgandamizo wa chini ya macho upo karibu kila siku. Lakini kuna siku maumivu hupiga upande mmoja wa kichwa, yakifuatana na kichefuchefu, mwanga wa dirishani unanichoma, na hata kupanda ngazi kunayaongeza. Siku hizo pua hutoa maji na jicho la upande huo hulia. Yote haya ni sainasi?

Daktari wa Masikio, Pua na Koo anajibu:

Umefanya vizuri kuuliza, kwa sababu maelezo haya yanabadilisha picha. Maumivu ya aina ya pili uliyoyaeleza yanafanana sana na kipandauso. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na madaktari wao, kwamba wanaumwa kichwa cha sainasi. Walipohojiwa kwa vigezo vinavyokubalika, asilimia 88 walikuwa na maumivu ya aina ya kipandauso. Sababu ya kuchanganya ni neva ya tano ya kichwa, ambayo hupokea hisia kutoka kwenye sainasi na pia kutoka kwenye utando unaoufunika ubongo. Neva hiyo ikichokozwa na kipandauso, mtu huhisi maumivu usoni, na njia zinazoambatana nayo hufanya jicho litoe machozi na pua itoe maji. Mgonjwa anaona pua inavuja, anailaumu sainasi, na anapewa antibiotiki. Kipandauso huisha chenyewe baada ya saa chache au siku mbili tatu, na dawa inapata sifa isiyo yake.

Mgandamizo wako wa kila siku, ukiwa pamoja na kuziba na kamasi nzito, unaweza kabisa kuwa wa sainasi. Mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na usingizi mbovu unaoletwa na sainasi huchochea kipandauso. Ndiyo maana kila ugonjwa unatibiwa kivyake. Kipandauso kina dawa za kukata shambulio na dawa za kuzuia. Kisitibiwe kwa upasuaji wa pua, kwani nimewaona wagonjwa waliopasuliwa wakabaki na maumivu yale yale. Angalia pia usimeze dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa kuwa zenyewe huzaa maumivu ya kichwa ya kila siku. Na meno yako ya juu yaangaliwe, hasa kama kamasi ina harufu mbaya na inatoka upande mmoja. Jino bovu la nyuma huweza kuichafua sainasi ya shavu kwa muda mrefu bila jino lenyewe kuuma.

Uliuliza kama mtu hurudi kuwa kama alivyokuwa. Wengi hupata nafuu kubwa kwa kuosha pua na kwa steroidi ya kupuliza, zikitumiwa sawasawa. Kwa wanaoshindikana, utafiti wa Uingereza uitwao MACRO, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 500 na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2025, ulionyesha kwamba upasuaji wa kamera ukiongezwa kwenye tiba ya kawaida uliwapunguzia wagonjwa mzigo wa dalili kwa kiasi kikubwa, ilhali antibiotiki ya klarithromaisini iliyotolewa kwa wiki kadhaa haikushinda vidonge visivyo na dawa ndani vilivyotolewa kwa kulinganisha. Hivyo usikubali duru nyingine ya antibiotiki kabla hujaangaliwa ndani ya pua.

Usisubiri miadi bali nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona jicho limevimba au linatokeza, unaona vitu viwili viwili, una homa kali yenye shingo kukakamaa, au watu wanakuambia umechanganyikiwa. Pua inayoziba upande mmoja tu huku ikitoa damu, au uvimbe usiouma shingoni, navyo vinataka uchunguzi wa haraka kwa sababu nyingine.

Utakapokwenda kliniki, beba dawa zote unazotumia, pamoja na matone. Picha ya CT isipigwe ukiwa na mafua mapya, kwa kuwa mafua ya kawaida nayo huijaza sainasi kwa muda na picha itasema uongo. Omba ujaze lile dodoso la maswali 22 siku ya kuanza tiba, ulijaze tena baada ya miezi mitatu, na ulinganishe hasa alama za usingizi na umakini. Jumla ikishuka kwa takribani alama 9 au zaidi, hicho ndicho kiwango ambacho wagonjwa wenyewe huanza kusema wamepata nafuu. Na daktari wako anaweza kumwandikia mkuu wa shule barua fupi ikieleza kwamba uko kwenye matibabu ya ugonjwa unaopunguza umakini, ili vipindi vizito vya hisabati upangiwe asubuhi au saa nyingine ambayo kichwa chako huwa chepesi zaidi.